Sura ya Nani Juu ya Mukuba Wetu?

Katika mkutano mkubwa wa mwisho wa chama chetu, mwenzetu mmoja alizungusha picha mikononi mwa watu. Ilikuwa picha ya nishani, ama medayi kama tunavyosema hapa Kolwezi, ya mwaka 1890. Upande mmoja kuna kichwa cha mzungu mwenye masharubu. Upande wa pili kuna mwanamke anayesimama badala ya Afrika, akimwaga maji ya mito. Mwenzetu akasema: “Tazameni namna batu ba zamani walikuwa wanafanya kazi safi. Na sisi tuko na mukuba kuliko wao! Tufanye ya kwetu, tuitoe siku ya utamaduni.” Watu wakapiga makofi. Pendekezo likaandikwa: chama kitengeneze medayi ya mukuba yenye sura ya mtu mkubwa, na wafadhili wetu wavalishwe mbele ya wote. Sura itakuwa ya nani? Hiyo ikaachiwa komite.

Sisi hatukupiga makofi. Mzee mmoja aliyekaa karibu akatuuliza: “Bamwalimu, munapenda kupinga tu, kwa nini?” Tulimwahidi kumjibu kwa maandishi, na ahadi ni deni. Hili ndilo jibu.

Tuanze na medayi yenyewe, kwa sababu wengi waliipigia makofi bila kujua ni ya nani. Kile kichwa ni cha Henry Morton Stanley, yule ambaye wazee walimwita Bula Matari, jina ambalo baadaye likawa jina la leta yote ya wabeleji. Aliyeagiza medayi ni Royal Geographical Society, chama kikubwa cha wanajiografia wa London, ili kumpongeza baada ya safari yake ya 1887 mpaka 1889 ya kwenda kumtoa Emin Pasha. Aliyeitengeneza ni mwanamke, Elinor Hallé, binti wa Charles Hallé, mwanamuziki aliyeanzisha okestra ya Manchester mwaka 1858. Alisoma kwenye shule ya Slade, London, chini ya mwalimu Mfaransa Alphonse Legros. Legros aliwarudisha wanafunzi wake kwenye ufundi wa Waitalia wa karne ya 15: kufinyanga sura ya mtu kidogo kidogo, mpaka kitu cha kuingia kiganjani kiseme sawa na sanamu kubwa ya njiani. Nyakati zile za malkia Victoria si wanawake wengi waliopewa kazi kama hiyo. Basi tuseme wazi: hatuna ugomvi na mikono ya mama huyo. Kazi yake ni safi. Ugomvi wetu ni juu ya kazi ambayo medayi yenye sura inafanya ikitoka mikononi mwa fundi na kuingia mikononi mwa wakubwa.

Tazameni jinsi ilivyogawanywa. Tarehe 5 Mei 1890 London ilijaa kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall kumshangilia Stanley. Yeye akapewa medayi ya dhahabu. Maofisa wake wazungu wakapata ile ile, lakini ya bronzi. Na wapagazi? Wale Wazanzibari, zaidi ya 600, walioandikwa kwenye pwani mwaka 1887, wakazungushwa kwa meli mpaka mdomo wa Kongo, wakapanda mto na kuingia msitu wa Ituri na mizigo kichwani, mpaka wengi wao wakaoza huko kwa njaa, vidonda na mishale? Waliobaki hai walitengenezewa nyota ndogo ya feza. Katikati ya nyota mna herufi za chama cha London, na kuizunguka mna jina la safari na miaka yake. Sura ya mtu hakuna. Dhahabu kwa mmoja, bronzi kwa wachache, na kwa wale waliobeba, nyota isiyo na uso.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Livingstone alipokufa kwa Chitambo mwaka 1873, watu wake, Susi na Chuma na wenzao, walikausha mwili wake na kuubeba kwa miguu, miezi na miezi, mpaka Bagamoyo. Mwaka 1874 chama kile kile cha London kiliwatengenezea medayi za feza. Hapo mtu angesema: afadhali, safari hii wapagazi wamekumbukwa. Ndiyo, wamekumbukwa. Lakini sura iliyo juu ya medayi ni ya Livingstone, na maneno ya nyuma yanasema kwamba walikuwa waaminifu mpaka mwisho. Yaani mtu anabeba maiti ya bwana wake nusu ya Afrika, halafu anapewa sura ya bwana yule yule aibebe tena kifuani.

Kuna mtu mmoja ambaye sisi tungependa kuona sura yake, na hatutaiona kwenye medayi hata moja. Anaitwa Uledi. Katika safari ya 1874 mpaka 1877 yeye ndiye alikuwa nahodha wa mashua ya Stanley, iliyoitwa Lady Alice. Walipotoka Nyangwe mwisho wa mwaka 1876, walifuata Lualaba, mto huu huu wetu unaopita Nzilo na kushuka kwenda kaskazini. Mwezi wa Januari 1877 wakafika kwenye maporomoko ya Boyoma, juu ya Kisangani ya leo. Mtumbwi mmoja ukavutwa na maji ukapasuka, na mtu aliyeitwa Zaidi akabaki ameshikilia ncha ya jiwe, pembeni kabisa pa maporomoko, maji yakinguruma kulia na kushoto kwake. Nani aende? Uledi akasema nitaenda, na Marzuk akasema nitaenda naye. Wakafungiwa kamba za mitambaa ya msituni kwenye mtumbwi, wakashushwa polepole. Wakajaribu mara nyingi. Zaidi alipofanikiwa kushika kamba, kamba kubwa ikakatika, na wote watatu wakatupwa kwenye kisiwa kidogo cha mawe. Walilala pale usiku kucha, katikati ya kelele ya maji. Siku ya pili ndipo wakavutwa mmoja mmoja mpaka nchi kavu.

Habari hii tunaijua kwa sababu Stanley mwenyewe aliiandika, hilo hatumnyimi. Lakini wasomaji wapenzi, ulizeni watoto wenu. Sisi tuliuliza wetu. Tuliwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa tano ile picha ya medayi: “Ni nani huyu?” Mikono mitatu ikapanda: “Stanley, Mwalimu!” Tukauliza: na Uledi ni nani? Kimya. Mwishowe mmoja akajibu kwamba ni mchezaji wa mpira wa zamani wa Lubumbashi. Darasa lote likacheka, na sisi pia tulicheka, lakini tulirudi nyumbani bila furaha. Hiyo ndiyo kazi ya medayi yenye sura: miaka zaidi ya 130 imepita, mto ni wetu, aliyeokoa mwenzake kwenye mto huo hana uso, na mzungu mwenye masharubu anajulikana na mtoto wa Manika.

Wengine watasema: hayo ni ya Kisangani na ya London, sisi wa huku yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kati ya wale maofisa waliopewa medayi ya bronzi alikuwa William Grant Stairs, mtu wa Halifax, Kanada. Bronzi ni nini? Ni mukuba uliochanganywa na bati. Mwaka uliofuata, 1891, Stairs huyo aliajiriwa na Compagnie du Katanga, kwa faida ya mfalme Leopold II, aje kuchukua nchi yenye mukuba wenyewe. Alitoka pwani na msafara wa mamia ya wapagazi, wengi wao Wazanzibari tena, akafika Bunkeya tarehe 14 Desemba. Tarehe 20 Desemba 1891 ofisa wake Bodson alimpiga Mwami Msiri risasi akamuua, na Bodson mwenyewe akapigwa risasi akafa. Kichwa cha Msiri kikakatwa na kutundikwa juu ya mti ili watu wakione. Mpaka leo, kila tarehe 20 Desemba, Bayeke wanakusanyika Bunkeya kumkumbuka, na swali la kichwa kile kiko wapi halijaisha. Njaa ikaingia Bunkeya, wapagazi wengi wakazikwa hapo. Stairs naye alikufa kwa homa ya malaria huko Chinde, kwenye pwani ya Msumbiji, mwezi wa Juni 1892.

Hatusemi kwamba medayi ndiyo iliyomuua Msiri. Tunasema tu kwamba mwenzetu alipoleta picha ile na kusema “tufanye ya kwetu kama hii”, alileta mbele yetu kitu ambacho nakala yake ilikuwa mali ya mtu aliyeleta kifo Bunkeya. Ndani ya kitu hicho kichwa kimoja kinaheshimiwa kwa bronzi. Huku kichwa kingine kikawekwa juu ya mti. Je, komite ililijua hilo?

Na mambo hayakuishia hapo. Leta ya Leopold, na baadaye wabeleji, walitawala vijiji kwa medayi. Shefu aliyekubaliwa na leta alipewa medayi ya kuvaa shingoni, na juu yake sura ya mfalme wa Ubeleji. Bankambo wetu walijua kutofautisha. Kulikuwa na shefu wa udongo, yule aliyewekwa na wazee na mizimu, na kulikuwa na shefu wa medayi. Mara nyingine alikuwa mtu mmoja. Mara nyingine shefu wa udongo alijificha nyuma na kumtuma ndugu fulani, ama mtu asiye na maana, aende kuvalishwa mnyororo. Yule wa medayi ndiye alikusanya kodi na kutoa vijana wa kwenda kazi ya mashimo. Ndiyo sababu sisi, tukisikia kwamba mtu atavalishwa medayi yenye sura ya mkubwa mbele ya kijiji, mwili unasisimuka kidogo. Tumekwisha kuiona michezo hiyo.

Sasa tuje kwa desturi, kwa sababu kitabu hiki ni cha desturi. Je, watu wa nchi hii hawakujua kukumbuka kwa mukuba? Walijua kabla ya London kujua jina la Lualaba. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, mafundi walipanda kwenye milima ya mawe ya kijani, wakachimba, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapuliza mivukuto ya ngozi, wakamimina mukuba ndani ya mchanga. Kazi ilikuwa na miiko yake na wakubwa wake. Monsinyeri de Hemptinne aliandika juu ya hao “walaji wa mukuba” mwaka 1926, na tunamshukuru kwa kuandika, ingawa mengine aliyowafanyia watu wa Katanga ni habari nyingine. Kilichotoka kwenye mchanga ni msalaba: mikono minne, uzito wa mkononi. Uliolewa nao, ulilipa nao, ulipeleka ushuru nao. Na ulizikwa nao. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako Lualaba inapanuka kuwa maziwa, wachimbuaji wa mambo ya kale walioanza kazi mwaka 1957 walikuta makaburi yenye misalaba juu ya vifua na karibu ya mikono ya marehemu. Mingine ina umri wa zaidi ya miaka 500. Kwa muda wa karne zile misalaba ilizidi kuwa midogo na kufanana, kwa sababu ilikuwa inageuka makuta.

Juu ya misalaba hiyo yote hakuna sura ya mtu. Hakuna! Si kwamba hawakujua kuchonga uso. Baluba wanachonga uso mpaka leo museo za Ulaya zinagombana juu yake. Lakini walipotaka kukumbuka mambo ya utawala walitumia lukasa, ubao wa kuingia mkononi wenye shanga na makome, na mtu wa mbudye aliusoma kwa kidole: hapa mfalme alipita, hapa walivuka maji, hapa walipatana. Ubao hauna uso. Una njia na vituo, na kila msomaji lazima ataje majina kwa mdomo. Kasala ni hivyo hivyo: jina, na baba wa jina, na mahali pa jina. Hata mpande, kile kisahani cheupe cha kome la bahari kilichovaliwa na machifu wa huku mpaka Zambia, kiliheshimiwa kwa sababu ya nani alikuvika na nani alishuhudia. Heshima ilikaa kwenye jina na kwenye mashahidi.

Tunajua jibu watakalotupa. Watasema: na msalaba wa mukuba nao si uliwekwa kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960, na kwenye feza za Katanga za mwaka 1961? Nao si ulibeba siasa, na watu wakafa? Ni kweli, na hatutaficha. Kitu chochote kizuri wanasiasa wanaweza kukivaa. Lakini msalaba ulilala kifuani mwa marehemu wa Sanga karne nyingi kabla ya bendera, na hauna pua wala masharubu ya kusema “mimi ni wa kabila hili, wewe toka”.

Hapo ndipo penye jambo tunaloliogopa zaidi, na tulitaje bila kuzunguka. Sura ya nani? Tayari tumesikia majina kwenye viti vya bia. Wengine wanataka Msiri. Basi Basanga watasema, na wana haki, kwamba mwaka 1891 wao walikuwa wanapigana na Msiri na kwamba hakuwa baba yao. Wengine watataka mkubwa wa Kilunda. Wengine Muluba. Wandembo na Baluena watauliza kama wao si watu wa Kolwezi. Na yule aliyekuja kutoka Kasai babu yake akachimba hapa tangu wakati wa Union Minière, yeye ataambiwa nini? Sisi tulikuwa watoto mwaka 1993. Tunakumbuka majirani zetu waliokaa na magodoro yao kwenye stesheni ya Kolwezi, siku nyingi, wakingoja treni ya kuwaondoa kwenye mji waliozaliwa ndani yake. Mmoja alikuwa amekaa nasi benchi moja la shule. Hatujamwona tena. Mji ulioona hayo hauwezi kucheza na swali la sura ya nani.

Na kama komite, kwa kukwepa ugomvi, itachagua sura ya mfadhili, mtu wa kampuni ama wa serikali, hapo tutakuwa tumerudi moja kwa moja kwa Bula Matari. Mukuba utoke chini ya miguu yetu, tuuyeyushe, tuchore uso wa aliyelipa, halafu tumvike sisi wenyewe na ngoma juu. Wenye medayi za dhahabu hawakosi watu wa kuwapigia makofi. Hatuoni sababu chama cha utamaduni kiongeze yake.

Mwenzetu aliyeleta picha si adui. Ana haki katika jambo moja kubwa: ni aibu kwamba mji wenye mukuba mwingi namna hii unauza mawe na magunia, na fundi wa kuumimina mukuba kwa ustadi ni wa kutafuta kwa taa. Jimbo letu liliwahi kuitwa Shaba, kutoka 1971 mpaka 1997, na bado watoto wetu hawajui jinsi shaba inavyomiminwa. Kumimina tuache? La. Tumimine. Tuwaite mafundi wa mapambo ya mukuba walioko, wafundishe vijana. Lakini kinachotoka kwenye mchanga kiwe msalaba wa zamani, wa kushikwa mkononi, na nyuma yake yaandikwe majina.

Majina ya nani? Ya waliobeba. Uledi, Zaidi na Marzuk, kwa ajili ya mto. Susi na Chuma. Wale wapagazi wa Bunkeya ambao majina yao yatapatikana. Wachimbaji wa mashimo ya zamani, wa kila kabila, ambao familia zao bado ziko Musonoi, Kapata na UZK. Na vijana waliofunikwa na udongo katika shimo la KOV mwezi wa Juni 2019, zaidi ya 40, ambao walitajwa kwenye habari siku mbili kama hesabu, halafu basi. Kama mfadhili anataka kweli kuheshimu utamaduni, alipie makaa na mchanga, akae pamoja nasi wakati majina yanasomwa.

Komite itarudi kwenye pendekezo hili mkutano ujao. Sisi tumekwisha kuanza kuandika, kwenye kaye ya kawaida ya shule, na majina 31 yako ndani. Kaye iko kwa karani wa chama. Mwenye jina la kuongeza alilete, na kama anajua kijiji ambacho marehemu alitoka, akiandike pembeni.